Upande wa Pili wa Diski

Vuta kiti ukae karibu, wewe unayenisikiliza, na usiogope maneno. Kompyuta moja inaweza kubeba mifumo endeshi miwili. Mfumo endeshi ni ule unaoamka kwanza ukiwasha mashine. Ndio unaokufungulia faili zako, ndio unaozungumza na printa. Watu wengi wanaujua mmoja tu, ule walioukuta ndani siku walipoinunua mashine, nao hudhani kompyuta na mfumo wake ni kitu kimoja. Sivyo. Kompyuta ni nyumba, mfumo ni mpangaji. Na nyumba moja inaweza kuwa na wapangaji wawili wasiokutana hata siku moja, kwa sababu mmoja huamka tu mwenzake akiwa amelala.

Nimefundisha mambo haya kwa miaka mingi, katika chuo kidogo cha kompyuta kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya Barabara ya Jogoo, hapa Nairobi. Nimefundisha mama mboga, mabawabu, vijana waliomaliza shule na mzee mmoja mchungaji aliyeogopa kugusa kipanya. Sijawahi kumfokea mtu. Ukikosea mara ya kwanza nitakuambia jaribu tena. Ya kumi, nitasogeza kiti changu karibu na chako. Lakini mtu niliyemfundisha vizuri kuliko wote hakuwa mwanafunzi wa chuo. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, na tulisomea sebuleni kwetu, Buruburu, ninapoishi na mama yangu.

Wifi aliishi mtaa wa Lucky Summer na kaka. Alikuwa amepata kazi ya mtandaoni ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno: mikutano, mahojiano, mihadhara ya watu asiowajua. Hakuwa na kompyuta. Nikamwambia ya kwetu ipo, mchana haina kazi, na nikamchongea ufunguo wa nyumba. Akawa anakuja akishampeleka mtoto shule, anaketi kwenye meza ya pembeni na kuvaa vile visikizio vyake vikubwa, huku mama akimwangalia kutoka kwenye kochi kama anayetazama televisheni.

Siku moja nilirudi nikamkuta ameegemeza shavu mkononi.

"Wifi, hii mashine yako inapiga miayo," akaniambia. "Nikibonyeza kitu, naenda nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, ndio inafunguka."

"Ni mzee. Usimtukane."

"Sijamtukana. Nimemsalimia tu."

"Muonee huruma," mama akadakia. "Hata mimi siku hizi mkiniita siamki mara moja."

Basi nikaamua. Mfumo uliokuwamo ulikuwa Windows, nami singeweza kuutoa kwa sababu masomo yangu yote ya chuo yalikuwa humo na printa yetu ilikuwa haielewi mwingine. Lakini kuna mfumo mwingine, Linux, ambao ni mwepesi, hauuzwi, na mashine kuukuu huupenda kama mzee apendavyo uji wa moto. Tungeuweka pembeni ya ule wa kwanza. Mimi nibaki na upande wa zamani, wifi apate upande mpya.

Tulifanya Jumamosi mchana. Kwanza nilinakili faili zangu zote kwenye diski ya nje, kwa kuwa mtu mwenye akili hakati kitu kabla ya kujua atashona nini kikiharibika. Kisha, nikiwa ndani ya mfumo wa zamani, nikaipunguza sehemu yake ya diski ili nafasi ibaki wazi. Mama alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea Biblia na kuja kusimama nyuma yetu.

"Mnakata nini?"

"Tunagawa diski, Mama."

"Kama shamba?"

"Kama chumba chetu cha Kaloleni. Unakumbuka pazia?"

Akacheka mpaka akashika mgongo wa kiti. Sisi tulilelewa Kaloleni, hapa hapa mjini, katika nyumba ya baraza la mji, baba akiwa mfanyakazi wa reli, na chumba chetu kimoja kiligawanywa na pazia la maua: huku wazazi, huku watoto.

"Pazia lenyewe lilikuwa bure," mama akasema. "Mlikuwa mnasikia kila kitu."

"Kila kitu, Mama."

"Ala! Na mlivyokuwa mnakoroma!"

"Tulikuwa tunakoroma kwa heshima."

Wifi alicheka kuliko sisi sote. Nakumbuka alivyojifuta machozi kwa upindo wa leso, kisha akaniambia, "Endelea, mwalimu, nisije nikasahau tulipofika." Nikamwonyesha namna ya kuchomeka flashi yenye mfumo mpya, namna ya kubonyeza kile kitufe cha juu mara tu mashine inapowaka ili iamke kutoka kwenye flashi, na swali moja la kuogopa kuliko yote: mfumo mpya unauliza kama ukae kando ya ule wa zamani au uufute wote. Nilimwacha achague yeye mwenyewe. Akachagua sawa. Mashine ilipowaka tena, ikaleta menyu nyeusi yenye majina mawili, ikingoja uichagulie upande. Wifi akapiga kigelegele.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo, na nikueleze vizuri, kwa sababu utakutana nayo. Ndani ya kila kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Mfumo wa zamani huisoma saa hiyo kama saa ya hapa Nairobi. Mfumo mpya huisoma kama saa ya dunia, ile ya Uingereza, halafu unaiongezea saa tatu zetu ili kukuonyesha. Kila mmoja huirekebisha kwa desturi yake. Matokeo yake, kila wifi alipomaliza kazi kwenye upande mpya, mimi nilipowasha upande wa zamani jioni niliikuta saa imerudi nyuma kwa muda wa saa tatu, hadi niunganishe mtandao ijisahihishe. Kuna amri moja fupi ya kuliondoa tatizo hilo. Sikuiandika. Nilikuwa nimelizoea; saa ikiwa nyuma, najua wifi alikuwa hapa leo na kazi imeenda.

Sasa nije kwa mama.

Baba tulimzika magharibi mwa nchi, nyumbani kwao, kama ilivyo desturi yetu. Kando ya kaburi lake kuna nafasi, na kila mtu katika ukoo anajua ni ya nani. Mke hulala penye boma la mumewe. Hilo kwetu halijadiliwi, kama usivyojadili jua litokee wapi. Mama mwenyewe alikuwa amewasindikiza wajane wengi namna hiyo, akiimba mbele ya jeneza.

Alasiri moja, wifi akiwa amekwenda kumchukua mtoto shuleni, mama aliniita kwa jina analoniita tangu utotoni. Aliniita "mama", kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, hiyo kitu ya wifi yako inashika sauti?"

"Inashika."

"Basi washa. Nataka kusema neno na sitaki kulisema mara mbili."

Nikawasha. Nilidhani ni wimbo, au historia ya ukoo, kwa kuwa alikuwa akipenda kutukosoa tukikosea majina ya mababu. Akasema hivi, polepole, kwa lugha yetu, nami nakupa kwa Kiswahili: kabla sijazaliwa mimi wala kaka, alikuwa na mtoto mwingine, msichana. Aliishi miezi michache. Baba alikuwa safarini na treni mtoto alipokufa, na majirani wa Kaloleni ndio waliomsaidia mama kumbeba hadi makaburi ya mji. Baba aliporudi hawakuzungumza habari hiyo tena. "Mnilaze katika udongo aliolala mtoto wangu wa kwanza," akasema, "hata kama kaburi lenyewe silijui tena. Baba yenu ana ndugu zake pembeni. Yule hana mtu."

Nilizima. Nikamshika goti.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nikiwa hai wakijua, wataniletea wazee. Na mimi wazee sina nguvu nao tena. Nikishaenda, wasikie kwa mdomo wangu. Nani atabishana na maiti? Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa."

"Kaka yako pia usimwambie. Ana moyo laini, atamwambia mkewe."

Nikaihifadhi sauti hiyo upande wa zamani, ndani ya folda yangu, nyuma ya paswadi yangu. Naye alijua ipo pale. Kwa muda mrefu nilimwona akipita karibu na meza na kuigusa kompyuta kwa vidole viwili, kama mtu anayeangalia kama mtoto ana homa.

Halafu stima ikapotea, nyumba nzima bila umeme.

Ilipotea asubuhi, mashine ikiwa katikati ya kujisasisha, na iliporudi upande wa zamani ulikataa kuwaka. Mimi nilikuwa chuoni, darasa limejaa, na mtihani niliopaswa kuwapa ulikuwa umebaki nyumbani ndani ya mashine hiyo hiyo. Nikampigia wifi.

"Usijali," nikamwambia. "Washa upande wako."

"Umewaka."

"Sasa fungua mahali pa faili. Pembeni kushoto unaona diski nyingine?"

"Naona kitu kina namba namba."

"Hicho. Bonyeza."

Nilisikia mama akiuliza kitu kwa mbali na wifi akimjibu, "Ngoja, Mama, tunafanya upasuaji."

"Wifi, zimekuja. Faili zako zote zimekuja. Lakini mbona haijaniuliza paswadi?"

"Haiwezi kukuuliza. Paswadi inakaa mlangoni mwa upande ule. Wewe hukupita mlangoni."

"Nimepita wapi?"

"Pembeni. Diski ni moja. Upande mmoja ukiwa macho unaweza kuusoma mwingine uliolala, kama haujafungwa kwa ufunguo wa diski yenyewe."

"Ee! Kwani ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Haki wifi, wewe ni mwalimu."

Akaupata mtihani, akanitumia kwa simu, wanafunzi wakaufanya. Jioni nilimletea mandazi. Nilijivuna, nakuambia kweli. Mwalimu hana furaha kubwa kuliko kuona mtu aliyekuwa akiogopa flashi sasa anaokoa faili peke yake, mwalimu akiwa mbali. Upande wa zamani nikautengeneza wikendi ile, na maisha yakaendelea.

Jumamosi moja baadaye mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nami nilikuwa na darasa. Niliporudi niliwasha mashine ili niandae masomo, nikaona saa iko nyuma. Nikampigia wifi kumwuliza kama amekula, maana kuna githeri imebaki.

"Leo sikuja," akasema. "Nilikuwa nafua tangu asubuhi. Unajua mvua ilivyokuwa ikinyesha wiki yote."

Nikafikiri betri ya ile saa ndogo imechoka. Betri hizo huchoka. Nikaandika kwenye kiganja neno "betri" ili ninunue, nikala githeri yote.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuja, yaani ndugu yake baba anayefuatana naye, pamoja na wazee wawili wa ukoo wanaoishi hapa mjini. Kaka alikuwa nao, amevaa koti la kanisani, haniangalii. Wifi alipita moja kwa moja jikoni akaanza kupanga vikombe. Nilimfuata nikamwuliza kuna nini, akasema, "Sijui, wifi, mimi nimeambiwa tu tunakuja kumsalimia Mama."

Wakanywa chai. Wakaomba. Wakauliza habari za magoti ya mama, za bei ya unga, za mchungaji mpya. Kisha baba mdogo akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "sisi hatujaja kwa ubaya. Tumesikia una mzigo moyoni. Na mzigo mwanamke haubebi peke yake akiwa na ukoo."

"Mzigo gani?"

"Kwamba unataka kulala katika udongo aliolala mtoto wa kwanza. Hata kama kaburi lenyewe hulijui tena."

Alisema maneno yale yale. Hata pale mama alipokuwa amevuta pumzi, yeye pia alivuta.

Mama hakuwaangalia wazee. Alinigeukia mimi. Aliniangalia kwa muda, bila hasira, jinsi unavyomwangalia mtu barabarani uliyedhani unamjua na kumbe siye.

"Mimi sikusema, Mama," nikasema.

"Nilikuambia wewe peke yako," akanijibu kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini. Kisha akawageukia wageni akawaambia kwa Kiswahili, "Ni mawazo ya uzee tu. Nitaenda nyumbani. Mnywe chai."

Baba mdogo akashukuru Mungu. Mzee mmoja akasema, "Unaona, mambo ni kuzungumza." Jikoni vikombe havikulia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, na alisikia yote. Angeweza kusema neno moja. Akaja akamwongezea baba mdogo chai.

Tangu siku hiyo mama aliacha kuniita "mama". Aliniita mwalimu. "Mwalimu, nisaidie kufunga dirisha." "Mwalimu, umeona dawa zangu?" Hakuninunia. Alikula nilichopika na kunishukuru, shukrani ya mgeni. Nilijaribu kumweleza mara kadhaa, naye kila mara aliinua mkono na kusema yamekwisha. Mimi ninayeweza kumweleza mtu jambo lolote, sikupewa nafasi ya kueleza hili.

Nikakaa mbele ya mashine na kufikiri kama ninavyowafundisha wanafunzi kufikiri kitu kinapoharibika: usikisie, rudi hatua moja moja. Nani ana sauti hiyo? Mimi. Iko wapi? Upande wa zamani. Nani anaweza kuifikia bila paswadi? Yule anayejua njia. Nani anajua njia? Na hapo nikakumbuka ile Jumamosi ya saa kurudi nyuma, na betri ambayo sikuwahi kuinunua.

Nilikwenda Lucky Summer. Kaka hakuwapo. Wifi alikuwa akianua nguo.

"Wifi, ile Jumamosi ya mkutano wa akina mama, ulikuja kwetu."

"Nilikuambia nilikuwa nafua."

"Upande wako uliwashwa."

"Nani kasema?"

"Saa."

Akajaribu kucheka. "Siku hizi saa nazo zinapiga umbea?" Kisha akaona sicheki. Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuwa natafuta nyimbo za kwaya upande wako," akasema. "Nikaona faili ya sauti. Wifi, mimi kazi yangu ni kusikiliza sauti. Nilibonyeza kabla sijafikiri."

"Na kumpelekea baba mdogo, hilo pia hukufikiri?"

"Hilo nilifikiri." Akaniangalia sasa, macho makavu. "Wewe hukuolewa kule. Mimi ndiye niliyejengewa nyumba pale, mlango wangu unatazama kaburi la baba yenu. Mama akizikwa mjini, nani atalaumiwa? Wewe? Watasema mke wa kijana ndiye aliyemweka mama mkwe mjini, hakumtunza, mpaka mwili ukakosa njia ya kurudi. Wanawake wa kule nawajua. Watalisema kisimani hadi binti yangu aolewe."

"Ungeniambia."

"Ungesema nini? Ungenieleza polepole mpaka nikubali."

Nikamwuliza jambo moja tu, kwa nini alinyamaza mama aliponigeukia mbele ya watu wote.

"Kwa sababu wewe ni mtoto wake," akasema. "Wewe atakusamehe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Kilichoniuma si kwamba aliisikia sauti. Kuna siku mtu hubonyeza. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amepiga hesabu ya upendo wa mama kwangu, akaona ni mwingi, akautumia kwa faida yake yeye.

Kesho yake mchana nilimwomba mama aje kwenye kompyuta. Akasema hana haja. Nikasema, "Mama, nimefundisha watu wengi, wewe sijakufundisha hata siku moja. Nipe somo moja." Akaja, kwa adabu tu, akaketi kwenye kiti cha wifi.

Nikampa kipanya ashike yeye. Nikawasha. Menyu ilipokuja nikamwambia huku ni kwangu, huku ni kwa wifi. Nikamwonyesha kwanza kwangu: mashine ikaomba paswadi. "Bila neno hili mtu haingii," nikasema. "Hapa ndipo nilipokuweka." Akaitikia kwa kichwa. Nikazima, nikawasha upande wa pili. Nikamwongoza mkono hadi kwenye ile diski ya namba namba. "Bonyeza, Mama." Akabonyeza. Folda zangu zikajipanga mbele yake, na hakuna aliyemwuliza neno. Akabonyeza nyingine, na nyingine, nami sikumharakisha, mpaka akaifikia faili yenyewe. Akaibonyeza. Sauti yake ikatoka, ikavuta pumzi, ikaanza.

Aliisikiliza sentensi moja, akaondoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria.

"Zima."

Nikazima.

Nje mtu alikuwa akiuza samaki, anaita. "Kwa hiyo hukusema wewe," akasema.

"Sikusema."

"Aliingia hivi."

"Aliingia hivi."

"Na njia hii aliijuaje?"

Ningeweza kusema watu hujifunza mtandaoni. "Nilimfundisha mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Ulimfundisha vizuri." Hakusema kwa ukali. Kisha: "Ifute."

"Nitaifuta hapa, Mama. Lakini baba mdogo anayo kwenye simu, na aliowatumia wanayo. Hiyo siwezi kuifuta."

"Basi haina kazi tena. Ifute hapa." Nikaifuta, yeye akiangalia, nikamwonyesha kwamba haipo. "Sasa mpigie kaka yako. Aje peke yake."

Kaka alikuja jioni, kabla ya giza. Alimsalimia mama kwa mikono miwili. Mama hakumkaribisha chai.

"Umesikia sauti yangu kwenye simu ya watu," akamwambia. "Mimi hujanisikia. Kaa chini." Akamweleza habari za yule msichana, kwa jina, ambalo hakulisema kwenye kompyuta. Kaka alikuwa hajawahi kulisikia. Alijua kuwa kulikuwa na mtoto, kwa sababu ya wazee, lakini hakujua kwamba alikuwa na jina, wala kwamba alikuwa na nywele nyingi, wala kwamba mama alirudi kutoka makaburini siku ile na kufua nguo za treni za baba kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

Kaka akalia. Alipomaliza akasema, "Mama, wazee nitawaambia nini? Ulishawaambia utaenda nyumbani."

"Waambie nilikuambia wewe mwenyewe, mdomo kwa sikio. Si kompyuta, si dada yako, si mkeo."

"Watakasirika."

"Na mimi nimeshakasirika. Tutakuwa wengi."

Hakuahidi. Siwezi kukudanganya kwamba aliahidi. Alimshika mama mkono, akasema atalifikiria, akaondoka. Tangu siku hiyo huja peke yake Jumapili, na wawili hao huzungumza bila mimi, na mama hunifungia mlango wa sebule bila kuona haya. Jambo limebaki hapo lilipo, na mama bado yuko hai, anakula, anakosoa nyimbo za kanisa.

Wifi alirudi kazini kwenye meza ile baada ya muda, kwa sababu kazi ni kazi na mtoto anasoma. Sikumnyang'anya ufunguo. Tunasalimiana vizuri. "Umeamkaje, wifi?" "Salama, wifi, na nyumbani?" Akikwama ananiuliza, nami namjibu swali alilouliza, na hapo ninaishia. Zamani ningemwambia pia lile ambalo hajauliza.

Wiki aliyorudi niliifunga sehemu yangu ya diski kwa ufunguo wa diski yenyewe, sio paswadi ya mlangoni tena. Mifumo yote miwili ina njia ya kufanya hivyo, na haichukui muda mrefu kujifunza. Ningetaka nikuambie nilifanya hivyo kwa ujuzi wa kazi. Nilifanya nikiwa na uchungu, na mikono ilikosea mara mbili.

Wewe usingoje uchungu. Ukishaweka mifumo yako miwili, chukua faili moja ambayo usingependa mtu aione, uifungie kwa ufunguo wa diski au wa folda, kisha uuandike ufunguo huo kwenye karatasi na kuiweka mbali na mashine. Zima kompyuta kabisa. Iwashe upande wa pili, tafuta faili hiyo mwenyewe, na uibonyeze. Ikifunguka, rudi mwanzo uifunge upya.